Mbwa wako ataamka tu usiku: mfundishe kulala tena

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Australia, Adams na Johnson, walichapisha matokeo ya kuwatazama mbwa usiku. Kwa wastani, katika saa 8 za usiku mbwa alilala na kuamka mara 23. Dakika 16 za usingizi, dakika 5 macho, kisha usingizi tena. Hivyo ndivyo mbwa alivyoumbwa, na hakuna chakula, dawa wala ukali utakaombadilisha.

Kwa hiyo mtu akijisifu kwamba mbwa wake "analala fofofo mpaka asubuhi", ujue mbwa huyo naye anaamka. Anainua kichwa, anasikiliza, haoni sababu ya kunyanyuka, anajikunja upya. Ukitafuta mbwa asiyeamka utahangaika bure. Tafuta mbwa ambaye katika kila moja ya zile mara 23 hakuti kitu cha kumfanya apige kelele: kibofu hakijajaa, tumbo halisokoti, ngozi haiwashi, sakafu haimgandishi, getini hapapiti kivuli, na hajawahi kuona kwamba kelele za usiku huleta mtu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hapo mwenye kasoro ni mwenye mbwa.

Mitaani wanasema mbwa akilia usiku kuna msiba unakuja. Mara nyingi kinachokuja ni mkojo.

Mtoto wa mbwa

Kwanza jua umri wake halisi, maana muuzaji atakwambia chochote. Mtoto wa mbwa anafaa kuachana na mama yake akiwa na wiki 8. Wale wanaouzwa kandokando ya barabara mara nyingi wana wiki 5, hata 4. Mfungue mdomo. Meno ya utoto ni 28 na hukamilika kati ya wiki ya 6 na ya 8. Ukikuta magego ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza, hicho ni kichanga, na ratiba yake ni nyingine kabisa: mlo mdogo saa 5 usiku, mwingine saa 10 alfajiri, na kitu cha joto cha kuegemea. Wengi wanaolalamika kwamba "huyu ana kiburi, analia usiku kucha" wamechukua kitoto cha wiki 5 chenye njaa.

Kwa aliyefika wiki 8, hesabu ya kibofu ni hii: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, jibu ni idadi ya saa anazoweza kubana mkojo. Miezi 2, saa 3. Miezi 3, saa 4. Miezi 5, saa 6. Akiwa usingizini huenda akavuka hapo kidogo, ila usipange ratiba kwa kutegemea bahati. Akilazwa saa 4 usiku na umri wake ni miezi 2, atolewe saa 7 usiku, atolewe tena saa 10 alfajiri, kisha saa 12 asubuhi siku imeanza.

Tega kengele ya simu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanasubiri alie ndipo wainuke. Akilia ukaja, amejifunza kwamba kilio hufungua mlango, na akishalijua hilo atalia hata kibofu kikiwa kitupu. Kengele inakuwahisha. Wewe ndiye unayemwamsha, yeye hajatoa sauti, na kilio hakijapata faida yoyote. Akimaliza usiku 3 mfululizo bila kulowesha, sogeza ile kengele ya saa 7 mbele kwa dakika 15. Usiku 3 mingine, dakika 15 tena. Ikifika saa 8 na nusu, jambo la kama wiki tatu hivi, futa kengele ya saa 10 ubaki na hiyo moja, kisha endelea kuisogeza mpaka ikutane na asubuhi. Akilowesha, rudi nyuma nusu saa na ukae hapo siku 5 kabla ya kujaribu tena. Wengi wao wakifika miezi 4 au 5 wanaweza kutoka saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri bila kutolewa.

Safari yenyewe ya saa 7 usiku lazima iwe ya kuchosha. Usiwashe taa ya sebuleni, tochi ya simu iliyoelekezwa chini inatosha. Mbebe kutoka anapolala hadi nje, kwa sababu mtoto aliyeamka sasa hivi akitembea hatua tano tu anamwaga kwenye zulia. Mfunge kamba hata kama ua wako una ukuta, la sivyo ataanza kufukuza wadudu. Nenda palepale pa jana. Simama. Neno ni moja, "kojoa", kwa sauti ileile ya kila siku. Atanusa, atazunguka, ataketi, atakutazama usoni akingoja mchezo. Wewe tazama ukuta. Mpe dakika 5. Akikojoa, msifu kwa neno moja akishamaliza, siyo anapoanza: watoto wakishangiliwa katikati hukatiza mkojo wakakukimbilia, na nusu iliyobaki inaishia kitandani dakika 20 baadaye. Kisha ndani. Hakuna biskuti, hakuna kubembeleza, hakuna kupitia jikoni. Dakika 5 zikiisha bila kitu, mrudishe, subiri dakika 10, mtoe mara moja tu tena.

Anapolala pawe padogo. Kizimba cha waya au cha mbao kinafanya kazi nzuri kwa sababu mbwa hapendi kuchafua alipojilaza, lakini sharti hilo linavunjika kizimba kikiwa kikubwa: atafanya pembe moja kitanda na nyingine choo. Pima kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza sentimita 10 hadi 15, huo ndio urefu. Kimo ni kutoka sakafuni hadi utosini akiwa ameketi, ongeza sentimita 10. Kama fundi amekutengenezea cha mbwa mzima ili usinunue mara mbili, weka ubao wa kugawa ndani na uusogeze kadiri anavyokua. Ncha za misumari zikunjwe upande wa nje, na fito zikaribiane kiasi kwamba kichwa hakipenyi.

Usimfungie humo usiku wa kwanza bila maandalizi. Siku 3 za mwanzo mlishe kizimbani, mlango wazi. Halafu ufunge akiwa anakula, dakika 1. Kesho 5, kisha 10, kisha 20, mchana kweupe, wewe ukiwa hapohapo unamenya viazi au unapiga pasi. Kufikia mwisho wa wiki anaingia mwenyewe kulala usingizi wa mchana. Kabla ya hapo, usiku mwekee boksi la katoni lenye kuta za kumzuia asitoke, karibu nawe.

Karibu kiasi gani? Mkono wako ukinyoosha umfikie. Jana alilala katikati ya ndugu watano wanaopumua, leo yuko peke yake kwenye marumaru. Usiku 5 wa kwanza akae kando ya kitanda chako, baada ya hapo msogeze mita 1 kila baada ya siku 2: kuelekea mlangoni, koridoni, hadi pale unapotaka alale maisha yake yote. Kwa nyumba ambazo mbwa haingii ndani, iwe ni kwa dini, kwa mila, au mama mwenye nyumba kasema hapana na hakuna rufaa, geuza mpango: wewe ndiye umfuate. Godoro barazani usiku tatu au nne. Majirani watakucheka, lakini watalala.

Ukienda kumchukua, beba kitambaa cha pamba na ukisugue kwa mama yake na kwa ndugu zake, au bora zaidi, kipeleke siku 2 kabla kilaliwe. Usikifue wiki ya kwanza. Mahali pa baridi kama Njombe, Makete au Limuru, hasa Juni na Julai, ongeza chupa ya plastiki ya lita 1 yenye maji ya moto kiasi cha kuweza kuishika mkononi bila kuiachia, ifungwe kwa taulo, iwekwe upande mmoja tu ili akipata joto kupita kiasi aikwepe. Mombasa na Tanga achana nayo.

Kuhusu kulia, jifunze kutofautisha. Kuna kilio cha kulalamika: kinaanza ukigeuza mgongo, kinakatika katika ili asikilize kama unakuja, na kinafifia ndani ya dakika 10 au 15. Hicho kiache. Kuna kilio cha haja: alikuwa kimya saa 2, ghafla anazunguka, ananusa chini, anakwaruza. Huyo mtoe, kimyakimya, kama safari ya kengele. Na kuna kilio cha hofu: anahema mdomo wazi, mate yanatiririka, anang'ata waya, ukimpa kipande cha nyama hakitazami. Huyo usimwache eti "atazoea". Hazoei, anazidi kuogopa kizimba, na utatumia miezi kurekebisha. Rudi nyuma hatua mbili, umsogeze karibu, mlango uwe wazi.

Ukiamua kutoinuka, usiinuke kweli. Ukivumilia dakika 40 halafu ukashindwa, umemfundisha kwamba bei ya mlango ni dakika 40, na kesho atakuja nazo mkononi.

Jambo moja zaidi linalowashangaza wenye mbwa: mtoto aliyekwisha kulala vizuri anaweza kuanza tena fujo kati ya miezi 4 na 6. Anaota meno ya ukubwani, fizi zinauma. Karoti iliyokaa kwenye friza au kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa, apewe jioni ukimwangalia, husaidia. Ratiba usiibadilishe.

Sahani na bakuli la maji

Mlo wa mwisho uwe saa 3 hadi 4 kabla ya kulala. Mtoto wa wiki 8 hadi 12 hula mara 4 kwa siku, wa miezi 3 hadi 6 mara 3, zaidi ya hapo mara 2. Akila saa 12 jioni, atapata choo mapema, na saa 4 usiku tumbo limetulia. Akila saa 3 usiku pamoja na familia, atakuamsha saa 9 na hana kosa.

Kinacholiwa kina neno pia. Ugali wa dona na dagaa ni chakula cha mbwa wengi wa huku na hakuna ubaya ndani yake, ila dagaa waliokaushwa kwa chumvi humpa kiu, kiu humpa maji, maji humpa safari. Waloweke saa kadhaa, mwaga maji, chemsha bila kuongeza chumvi. Maharage humjaza gesi. Mabaki ya mchuzi yenye kitunguu yasiingie kabisa kwenye sahani yake, kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Halafu kuna maziwa ya ng'ombe: watu humpa mtoto wa mbwa bakuli zima jioni "alale ameshiba", tumbo lake haliwezi kumeng'enya vizuri sukari nyingi iliyomo, na saa 8 usiku anaharisha kizimba kizima. Kama ni mdogo sana na anahitaji maziwa, nunua yale ya watoto wa mbwa kwa daktari wa mifugo.

Bakuli la maji liondolewe saa 1 kabla ya kulala kwa mtoto anayejifunza, na hilo ni kwa mahali pa baridi au pa wastani. Pwani wakati wa kaskazi usimnyime mbwa maji hata usiku. Mbwa mzima asiondolewe maji popote alipo.

Tena pima anachokunywa, maana watu hulaumu tabia kumbe ni maradhi. Kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anakunywa kama lita 1 hadi 1.2. Jaza bakuli asubuhi kwa chupa unayoijua ujazo, pima kilichobaki kesho yake, rudia siku 3. Akipita mililita 100 kwa kilo, yaani lita 2 kwa huyo wa kilo 20, na hakuna joto kali wala dagaa wa chumvi, mpeleke kwa daktari: kisukari na figo huanza hivyo, na kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, wiki chache baada ya joto lake, huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha. Hilo la mwisho huua kwa siku chache.

Akikojoa ndani, kamua kwa kitambaa, osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha siki na maji nusu kwa nusu. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu. Kumsugua pua kwenye mkojo hakufundishi kitu zaidi ya kukuogopa wewe, na mbwa anayekuogopa atakwenda kukojoa nyuma ya kochi.

Mbwa wa uani aliyefundishwa kukesha

Nairobi, Dar es Salaam, Arusha, utaratibu ni uleule: mbwa anafungiwa bandani asubuhi kabla wageni hawajaanza kuingia, anafunguliwa saa 4 usiku alinde. Halafu mwenye nyumba anauliza kwa nini habweki kwa akili, anabweka usiku kucha. Amelala saa 12 za mchana gizani. Usiku ndio mchana wake. Ana nguvu zote, hana pa kuzitumia, na kila bodaboda inayopita ndiyo tamasha la siku.

Amua unataka nini. Mbwa anayelala ndani ya baraza au kwenye stoo yenye mlango bado atabweka mtu akigusa geti, na kubweka kwake kutakuwa na maana kwa sababu habweki saa zote. Kumgeuza inachukua wiki 2 hadi 3. Siku ya kwanza unamfungua saa 12 asubuhi badala ya kumfungia. Unatembea naye dakika 30 hadi 45 kabla jua halijawa kali, na tena saa 11 jioni. Weka kiganja juu ya lami, ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde 7, hata nyayo zake zitaungua, subirini. Katikati ya mchana avunjwe usingizi mara mbili tatu: mfuate, mpe chakula kilichofichwa kwenye boksi lenye magazeti akitafute kwa pua, mchane manyoya. Kunusa nako kunamchosha mbwa, na dakika 15 za kutafuta punje za chakula kwenye nyasi zinaonekana jioni. Kuanzia saa 2 usiku michezo ya kukimbizana isimame, maana mbwa aliyechemka huchukua muda kupoa.

Banda lenyewe litazame upya. Likiwa getini, lihamishie nyuma ya nyumba. Geti la nondo linaloonyesha miguu ya wapita njia lifunike sehemu ya chini kwa bati hadi kimo cha macho yake. Hatua hizo mbili peke yake hupunguza kelele nyingi, kwa sababu mbwa wa jirani akianza, wako asipoona kitu huchoka kujibu mapema. Sakafu iinuliwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, juu ya matofali, ili maji ya mvua yapite chini na unyevu usipande. Mlango usielekee upepo. Paa la bati tupu linaoka jioni na linapiga ngoma usiku wa masika, kwa hiyo chini yake gongomelea ubao mwembamba au juu yake tandaza makuti. Mbwa awe na mahali pawili pa kuchagua, pa joto penye blanketi na pa baridi penye saruji tupu. Utamwona anahama mara kadhaa usiku, na hiyo ni afya.

Mnyororo, la. Mbwa aliyefungwa hawezi kukaribia wala kukimbia, kinachobaki ni kubweka.

Na kama anaitikia adhana au king'ora kwa sauti ndefu ya huzuni, mwache. Sauti hiyo inafanana na mwito wa mbwa wenzake, anajibu, inaisha. Haumwi.

Shika tochi

Kabla ya kufundisha chochote, mkague mbwa usiku uleule anapohangaika, kwa sababu mchana mengi hujificha. Kaa kimya gizani usikilize dakika 10. Mlio wa mkanda wa shingo ukicheza cheza kwa vipindi ni kujikuna. Masikio yakipigapiga kama mbawa za kuku ni maumivu ya sikio: lifunue, likinuka kama chachu au lina uchafu wa rangi ya kahawa, ni la daktari, usitie mafuta ya kupikia wala spiriti. Kulamba nyayo mfululizo, mara nyingi ni mzio au kupe kati ya vidole. Kuburuta makalio chini, ni tezi za haja kubwa au minyoo.

Kupe watafute kati ya vidole, ndani ya sikio, chini ya mkanda, kwapani. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota. Mafuta ya taa hayafai, yanamchoma mbwa kabla hayajamwua kupe. Kwa viroboto, unaowaona mwilini ni wachache tu wa ukoo mzima. Mayai yanadondoka kwenye tandiko, na viluwiluwi waliojifungia kwenye vifuko vyao hungoja wiki hata miezi. Ndiyo maana mtu anamwogesha mbwa Jumamosi, Jumatano anajikuna tena, dawa inasingiziwa kuwa feki. Fua tandiko kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60 au zaidi na ulianike juani, fagia nyufa za banda, mwendo huo huo kwa miezi 3. Nyasi kavu kama tandiko ni nyumba ya viroboto, magunia na mablanketi kuukuu yanayofulika ni bora.

Tahadhari kubwa iko kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya amitrazi, ambayo watu humpimia mbwa kwa kifuniko na kwa jicho. Ikizidi inapunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la mwili, na mbwa anakuwa mzito, anasinzia. Mwenye mbwa anafurahi: leo amelala! Hajalala, ana sumu. Vipimo viwe vya daktari, na mtoto wa chini ya miezi 4 asiguswe nayo.

Kisha kuna siafu. Msimu wa mvua msafara wao ukikata banda, mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na kilio chake si kile cha kila siku: kinapanda ghafla na hakikatiki. Toka na tochi, angalia sakafu kabla ya mbwa. Banda lenye kufuli liwe na ufunguo unaojulikana uko wapi hata na dada wa kazi.

Dawa ya minyoo: kila wiki 2 kuanzia wiki ya 2 hadi ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Tumbo lenye minyoo halilali.

Na mbwa ambaye ghafla tu amebadilika, hatulii, sauti imekuwa ya kukwaruza, mate yanamtoka, anang'ata mbao, hiyo si habari ya usingizi. Usimsogelee kumtuliza. Ita daktari wa mifugo, na aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mzee wa nyumba

Mbwa wa miaka 10 na zaidi anaweza kuanza kukesha bila sababu unayoiona. Anatembea huku na huko, anasimama pembeni akitazama ukuta, anakwama nyuma ya mlango upande wa bawaba, mchana analala kama gogo. Ubongo unazeeka, na saa yake ya ndani imegeuka. Kumgombeza ni kumwonea. Mwachie taa hafifu koridoni, usihamishe samani, tandika mikeka ya mpira njia ya kwenda mlangoni maana miguu ya nyuma inateleza kwenye vigae. Mtoe saa 4 usiku na tena saa 10 alfajiri, kama ulivyofanya alipokuwa mtoto, ila sasa kengele haisogezwi mbele. Godoro la sponji la unene wa sentimita 8 hadi 10 humfaa mwenye viungo vibovu. Mtazame anavyojilaza: akizunguka mara nyingi, akishuka nusu kisha kusimama tena, nyonga zinamuuma, na tatizo lake ni maumivu kabla ya kuwa usingizi.

Maumivu hayo yana dawa za mbwa. Za binadamu ziache kabatini. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuangusha figo, panadoli huharibu ini lake, na vidonge vya melatonini vya kutafuna vinavyoletwa kutoka nje wakati mwingine vina zailitoli, sukari ambayo kwa mbwa ni sumu hata ikiwa kidogo.

Ukienda kwa daktari, nenda na karatasi ya usiku 7: saa aliyoamka, alichofanya, ulichofanya wewe, ilichukua dakika ngapi kutulia, alikunywa kiasi gani, alikula nini na saa ngapi. Ukiwa na video ya dakika 2 kwenye simu, ya anavyohangaika gizani, ichukue pia, kwa sababu akifika kliniki atasimama wima mkia juu kama hana habari.